Msilitupe boksi la "vya TV": barua ya wazi kwa wanaotuchagulia vitabu Mbeya

Ndugu mnaotuchagulia vitabu,

Kamwene kwa mlio Iringa na Njombe, mugonile kwa wa Rungwe na Kyela, na kwa wengine wote habari za kazi na poleni na baridi.

Naandika kwa ajili ya boksi moja. Liko chini ya meza katika chumba cha kusomea ambacho sitakitaja, maana sina nia ya kumwaibisha mtu, na juu yake pamebandikwa karatasi yenye maandishi ya makapeni nyekundu: VYA TV – HAVIFAI. Ndani mna riwaya za Kiingereza zilizokuja na msaada wa vitabu kutoka nje, zikiwa zimechanganyika na vitabu vya biolojia vya zamani na miongozo ya kompyuta za aina ambayo hata fundi hana spea zake. Miongozo hiyo imepewa rafu. Riwaya zimewekwa sakafuni. Nilipouliza kosa lake nikajibiwa kwamba kamati imepitisha: kitabu kilichotokana na tamthilia ya televisheni si fasihi, ni tangazo la tamthilia, na mwanafunzi akikizoea hatasoma cha maana tena.

Mimi nauza vitabu vya mtumba Mwanjelwa. Shahada ya fasihi sina, na najua kwenye kamati mnao wenye nazo. Ila ninacho kitu ambacho kamati haikukitazama kabla ya kupitisha, nacho ni kaunta buku la kwaya tatu lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza yangu. Anayeazima kitabu analipa shilingi 500, na akikirudisha anaandika maoni yake humo, mstari mmoja au ukurasa mzima, apendavyo. Akiandika, kitabu kinachofuata anaazima kwa 300. Kwa hiyo sitadai kwamba maoni yote yametoka moyoni. Mengine yametafuta punguzo. Lakini ukisoma kwa muda unaanza kuwatambua waliosoma kweli.

Kitabu chenye maoni mengi kuliko vyote humo si cha dini wala si vile vya kutajirika haraka. Ni riwaya ya Janet Kagan iitwayo Uhura's Song, iliyotolewa na Pocket Books mwaka 1985, na imetokana na Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga. Nakala yangu haina jalada. Nimeivalisha karatasi ya mfuko wa saruji na mgongo nimeushona kwa uzi wa fundi viatu. Ukurasa mmoja wa mwanzoni una doa la mafuta ya chipsi ambalo kila anayerudisha kitabu ananieleza habari zake kana kwamba mimi ndiye niliyelipaka. Nakala nyingine, nzima, yenye jalada lake, niliiona kwa macho yangu ndani ya boksi lenu. Ndiyo maana sikulala.

Kwa wanakamati ambao hawajaifungua, hadithi yenyewe inakwenda hivi. Kuna sayari ya watu wanaofanana na paka, na tauni inawamaliza. Halafu ugonjwa huo unaanza kuwapata na binadamu. Daktari McCoy wa chombo cha Enterprise anahangaika nao, dawa haionekani. Afisa wa mawasiliano wa chombo hicho, Uhura, zamani alifanya urafiki na mwanadiplomasia wa watu wale. Walifundishana nyimbo za kwao, na kwa kuwa nyimbo nyingine za upande wa rafiki yake haziimbwi mbele ya watu, waliahidiana kwamba siri haitatoka. Sasa watu wanakufa, na ndani ya nyimbo zile mna dalili za sayari nyingine, chimbuko la watu wale, ambako mababu zao walitoka katika mazingira yasiyosemwa. Kama maradhi yalianzia huko, huenda na tiba iko huko. Basi chombo kinasafiri kufuata wimbo. Wakifika wanapokewa, wanalishwa, wanachekewa, ila wakigusia habari za ndugu walioondoka, wenyeji wanafunga midomo.

Hapo ndipo kaunta buku linapochangamka.

Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye kila alasiri anapita kwangu kabla ya kwenda kwenye kahawa, aliandika kwa mwandiko wa kulala kwamba Uhura amekosea. Wimbo wa siri ni amana. Aliyekupa anakuamini wewe, hajaiamini serikali yako. Chini yake, kwa wino wa kijani, kijana mmoja akajibu maneno matatu: "Na wagonjwa je?" Mzee aliporudi akaona jibu, akaazima kitabu upya, akalipa bila kudai punguzo, na wiki iliyofuata akaandika ukurasa na nusu. Anasema katika ukoo wao Usafwani kulikuwa na nyimbo za matambiko ambazo watoto walizisikia wakiwa kitandani na hawakuruhusiwa kuuliza, na waliozijua wamekwisha kufa, nazo zimekwenda nao. Kama zilikuwa na dawa ndani yake, hakuna wa kusema. Hakusema kijana yuko sahihi. Alisema tu kwamba sasa anamhurumia Uhura. Kijana akaandika: "Shikamoo mzee." Mabishano yaliishia hapo, nami nakiri kwamba mazungumzo ya fasihi ya kiwango hicho sijayasikia kwenye semina nyingi, ingawa na semina zenyewe nimehudhuria chache.

Muuguzi mmoja wa hospitali hapa mjini anasoma akiwa zamu ya usiku. Mwandiko wake ni ule wa kwenye mafaili, kwa hiyo imenichukua muda kumwelewa. Lalamiko lake ni kwamba hadithi inamwacha McCoy na wagonjwa wake haraka mno ili ikimbilie safari. Watu wa safari wanapata mito, misitu, hatari na utani. Wa wodini wanatajwa tu kwamba hali ni mbaya. Anasema angebadilishana sura nzima ya porini kwa ukurasa mmoja wa muuguzi akigeuza mgonjwa. Pamoja na hayo alikipa alama nyingi (yeye anatoa alama, sikumwambia atoe), kwa sababu, anavyosema, ni mara chache kukuta hadithi ya anga ambayo adui wake ni ugonjwa na hakuna wa kupigwa risasi. Baada ya mwaka 2020, ameandika, sehemu za karantini hazisomeki kama mambo ya kubuni.

Mwanafunzi wa uhandisi kutoka chuo cha Iyunga hakuwa na huruma. Tatizo lake ni Daktari Evan Wilson. Huyu hayumo kwenye tamthilia. Ameletwa na mwandishi. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwerevu, mcheshi, jasiri, anajua kupigana, anajua kuzungumza na wenyeji, na kila anayekutana naye anampenda, hata Spock, afisa mwingine wa Enterprise, ambaye kwa asili yake si mtu wa kupendapenda. Mwanafunzi anasema shughuli ni ya Uhura, jina lake liko kwenye kadi, ila mgeni mwalikwa ndiye anayekula nyama na mwenye shughuli anabaki kugombea mchuzi. Sentensi hiyo imepigiwa mstari na wasomaji waliofuata kwa kalamu za rangi mbalimbali mpaka karatasi imetoboka. Mmoja tu, binti wa kidato cha sita, alimtetea Wilson: akasema wavulana wamesoma mamia ya vitabu ambavyo mwanamume anajua kila kitu na hawakuwahi kuandika malalamiko kwenye daftari la mtu.

Na kuna maoni ya dereva wa bajaji wa kituo cha Kabwe, ambaye Kiingereza hakisomi. Yeye alisimuliwa. Mwanafunzi mmoja alikuwa akimhadithia sura kwa sura wakati wakisubiri abiria, kwa mtindo wa wale jamaa wa vibanda umiza wanaozungumza Kiswahili juu ya filamu, na mitaani kwetu mtu anayesikiliza hadithi kwa njia hiyo hakuna anayemwona hajaijua. Alikuja kwangu akaniagiza niandike: wale paka wamepoteza muda kwa aibu, na aibu ya mababu imeua wajukuu. Nikaandika kama alivyosema. Sina hakika kama mna sehemu ya kumweka msomaji wa namna hii kwenye takwimu zenu, lakini katika kaunta buku langu ni miongoni mwa walioelewa kitabu vizuri kuliko waliokishika mkononi.

Nimewapeleka humo kwa makusudi, ili mwone kwamba hakuna hata mmoja wao aliyezungumzia televisheni.

Na wasingeweza. Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966 na ikasitishwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79. Miaka hiyo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walitutangulia katika miaka ya 1970. Huku Bara tuliipata mwaka 1994 kwa vituo vya binafsi, ya taifa ikafuata baadaye, na mawimbi yalichukua muda wake kupanda hadi milimani kwetu. Wachache kati ya wateja wangu wameiona filamu ya mwaka 2009 kwenye flashi, ikiwa na msimuliaji juu yake anayewaita wahusika majina ya mtaani. Wengi hawajaona chochote. Kwao hiki ni kitabu tu, kama kitabu kingine.

Nanyi mnasema kitabu cha TV kinasomwa na waliorogwa na TV. Kwa Marekani huenda. Mwandishi wa vitabu vya namna hii kule anamkopa msomaji wake: akiandika tu kwamba Spock aliinua nyusi, msomaji anajaza mwenyewe uso, sauti na masikio yaliyochongoka, kwa kuwa ameviona miaka mingi. Msomaji wa Mwanjelwa hakopesheki. Yule binti wa kidato cha sita, katika maoni yake ya kwanza, aliandika maswali matupu: Spock ni nani, kwa nini anazungumza kama kikokotoo, kwa nini McCoy anamchokoza, hiki chombo kina ukubwa gani, mbona hakuna aliyekieleza? Maswali yote hayo yanatoka kurasa za mwanzo. Hayo ndiyo mahali ambapo mwandishi alitegemea kumbukumbu za watu wa kwao, na msomaji wetu ameyaona papo hapo.

Sasa tazameni upande wa pili. Kuanzia wanapotua kwenye sayari ya chimbuko, maswali yanakoma. Wenyeji wenye mikia wanayoitumia kama mkono wa tatu, watoto wao watundu, desturi ya kijana kwenda mwendo wa porini ili arudi akihesabiwa mtu mzima, namna wanavyoudhika na namna wanavyosameheana: hayo hayakuwahi kuwa kwenye televisheni. Mwandishi ameyajenga mwenyewe kuanzia msingi, na wasomaji wangu karibu wote wamekubaliana, bila kuambizana, kwamba kitabu kinakuwa kizuri hapo. Habari za jando na unyago hawakuhitaji kutafsiriwa na mtu. Msomaji ambaye hakuiona tamthilia ametenganisha kazi ya mwandishi na kazi ya televisheni kwa usahihi ambao shabiki wa miaka 30 hawezi. Kama mlikuwa mnatafuta mahakimu wa haki wa vitabu hivi duniani, mnao hapa Mbeya, na mmewafungia boksi.

Hoja ya tangazo nayo niiguse, maana si ya kijinga. Ni kweli kwamba kampuni hutoa vitabu ili jina lisisahaulike, na ni kweli kuanzia 1979 kulikuwa na filamu za sinema za Star Trek za kuuza. Lakini chimbuko la vitabu hivi ni la watu kung'ang'ania kitu kilichokuwa kinakufa. Tamthilia ile ilikaribia kufutwa mapema zaidi. Watazamaji waliandika barua kwa wingi, na Machi 1968 kituo cha NBC kikatangaza hewani kwamba itaendelea. Ilipata msimu wa tatu, ikafutwa. Mwandishi James Blish alikuwa ameanza kuviandika vipindi vyake kama hadithi fupi tangu 1967, na mwaka 1970, tamthilia ikiwa haipo tena, akatoa riwaya yake mpya kabisa kwa wahusika wale wale. Kwa miaka kadhaa wenye kiu walibaki na marudio na vitabu.

Waingereza yamewakuta makubwa zaidi. Doctor Who, tamthilia yao ya msafiri wa nyakati na anga iliyoanza Novemba 1963, ilipoteza vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960 kwa sababu BBC ilifuta kanda ili zitumike tena au zisichukue nafasi. Hakukuwa na nia mbaya. Ilikuwa kazi ya stoo. Kwa miaka mingi watoto wa Uingereza walizijua baadhi ya hadithi hizo kwa kupitia vitabu vidogo vya wachapishaji Target vilivyoanza kutoka mwaka 1973, vya bei nafuu, vya kubebeka mfukoni, vile vile ambavyo watu wenye heshima walivicheka.

Na huyu Uhura, ambaye jina lake mnalisikia wenyewe lilikotoka, anatuhusu zaidi ya mnavyodhani. Kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, kina mtu anayemsemesha kwa Kiswahili. Nichelle Nichols aliyemwigiza alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Lakini jina lake la kwanza, Nyota, televisheni haikumpa. Lilichapishwa katika kitabu mwaka 1982, likazoeleka kwa wasomaji na waandishi, na sinema ikalitamka mwaka 2009. Jina la Kiswahili limekaa miaka 27 kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye skrini. Nilipomweleza hilo yule dereva wa bajaji alicheka, akasema kumbe hawa jamaa wanatuibia polepole.

Mambo haya tumeyapitia na sisi kwa lugha yetu. Mnakumbuka, maana baadhi yenu mlifundisha wakati ule, jinsi riwaya za upelelezi za Elvis Musiba zilivyofichwa chini ya madawati. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya hizo, hakuwa na nafasi darasani. Wahakiki waliziita riwaya pendwa, na pendwa lilitamkwa kwa namna ambayo kupendwa lilionekana kuwa kosa. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaziandikia tasnifu, na kuna watu wazima wengi tu wenye vyeo ambao kasi yao ya kusoma Kiswahili waliipata humo. Nikipata Musiba wa zamani mezani kwangu halali. Anakwenda siku hiyo hiyo, na anayemnunua mara nyingi ana tai.

Sisemi kila kilichomo kwenye boksi ni kizuri. Humo mna takataka, tena nyingi. Nami mezani kwangu ninayo riwaya moja ya tamthilia nyingine, ya vita vya roboti, ambayo watu kadhaa wameirudisha kabla ya nusu, na maoni yake kwenye kaunta buku ni mafupi mpaka yanatia huruma: mmoja ameandika "hapana", wa pili akaandika "nakubaliana na aliyetangulia". Kitabu hicho mkikitupa sitaandika barua. Ila mtakitupa kwa ushahidi wa waliokisoma. Cha Kagan na cha roboti vimewekwa boksi moja, kwa karatasi moja, na aliyeandika karatasi hiyo ninaamini hajafungua hata kimoja, kwa sababu kamba za boksi zilikuwa bado na mafundo ya bandarini.

Kuna na suala la Kiingereza. Mjumbe mmoja alinijibu kistaarabu kwamba vitabu hivi ni vigumu kwa wanafunzi wa sekondari. Ni kweli, maneno mengi ya Kagan si ya kidato cha pili. Lakini hao hao wanafanya mtihani wa fizikia kwa Kiingereza, na miongozo ya kompyuta iliyopewa rafu nayo haijaandikwa kwa Kisafwa. Ugumu wa kitabu ambacho mtu anataka kujua mwisho wake ni tofauti na ugumu wa kitabu alicholazimishwa. Yule binti aliazima na kamusi pamoja nacho, kwa hiari yake, akairudisha kamusi ikiwa na alama za penseli kwenye herufi Q.

Halafu fikirini tunaishi wapi. Shule zinakodi Coaster kuwapeleka watoto Ndolezi, Mbozi, waguse kimondo: pande la chuma la zaidi ya tani 10 lililoanguka kutoka angani, limelala pale kilimani. Watoto wanapiga picha, wanauliza maswali mazuri kweli: limetoka wapi, kuna nani huko, na kuna mengine yanakuja? Mwalimu anajibu anachojua. Wakirudi mjini wenye kiu wanaingia maktaba kutafuta hadithi yoyote ya huko juu, na hadithi hizo, kwa kadiri ninavyojua chumba kile, zimo sakafuni chini ya meza. Riwaya za kubuni za kisayansi kwa Kiswahili bado zinahesabika. Sitaki kuzuia hizi chache za watu wengine zisifike wakati zetu hazijaandikwa.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla riwaya yoyote haijatolewa, isomwe na watu watatu wasiokuwa wajumbe wa kamati: mwanafunzi, mtu wa kazi, na mzee. Waandike walichoona, na kamati isome walichoandika ndipo ikae. Haina gharama, na kama posho ya kikao inaruhusu soda, wasomaji wangu watakuja kwa soda. Pili, wekeni kaunta buku kwenye chumba chenyewe, lifungwe kwa kamba imara, maana la kwangu la kwanza liliondoka na mtu. Msiweke fomu yenye vidude vya kutiki. Mkiweka fomu, mzee wa reli atatiki "vizuri" na ataondoka, nanyi hamtajua habari za nyimbo za Usafwani.

Na kwa kuwa barua hii huenda ikasomwa na watu wa vituo vya televisheni na waandaaji wa tamthilia, nawapa na ninyi neno lenu. Tamthilia za Kiswahili sasa ni nyingi, nyingine ni nzuri, na jioni mtaa mzima unanyamaza. Zikiisha zinakwenda wapi? Anayetaka leo kujua michezo iliyowakusanya watu sebuleni mwanzoni mwa miaka ya 2000 anategemea masimulizi ya waliotazama na vipande vya mtandaoni visivyo na mwanzo wala mwisho. Mpeni mwandishi mmoja mwenye njaa hati za vipindi vyenu, aandike riwaya. Asiandike vipindi vile vile kwa mpangilio ule ule. Aende nyuma ya nyumba ambako kamera haikufika, kama Kagan alivyokwenda kwenye sayari yake. Nitaiuza. Na maoni nitawaletea bila malipo, hata yale ya neno moja.

Kwa upande wa boksi, nasikia kamati inakaa mwisho wa mwezi. Niko tayari kuja na kaunta buku langu nikae nje mpaka niitwe. Nifahamishwe tu saa ili nimtafute wa kunishikia meza. Na kama uamuzi mmeshafanya na kikao ni cha kuuthibitisha, basi niuzieni boksi zima kwa kilo. Nitalipa taslimu, nitaleta toroli mwenyewe, na karatasi ya makapeni mnaweza kubaki nayo.

Wenu,

Muuza vitabu vya mtumba,
Mwanjelwa, Mbeya